Bolti Zilizokataa Kufika Upande wa Pili

Watu wa Bahati, kule karibu na Nakuru, wakiniona sokoni bado huniita "Madam Bolti", na mimi huitika, kwa sababu nisipoitika wanarudia kwa sauti kubwa zaidi. Basi leo nawaambia mwenyewe, kwa kinywa changu, maana najua mmeshasikia vipande vya hii habari kutoka kwa watu ambao hata hawakuwepo, na vipande vyao vina mlipuko, moto na watu kuruka ua. Hakukuwa na mlipuko. Afadhali kungekuwa na mlipuko, angalau ningesema boila ya mvuke ilikuwa mbovu. Kulikuwa na bolti fupi, hema, maikrofoni na maziwa ya watu, na aliyeharibu ni mimi, Njoki, mtu wa kompyuta.

Kazi yangu ni kuchora mabomba. Nakaa ofisini Nakuru mjini, juu ya duka la chakula cha mifugo (harufu ya pumba na dawa ya kupe inapanda ngazi mpaka kwenye meza yangu, nimeshazoea), na mbele yangu kuna programu ambayo ndani yake unajenga kiwanda kizima, bomba kwa bomba, kabla fundi hajashika hata msumeno. Hiyo programu ina akili zake. Ukiweka vali kwenye bomba, haingoji uiambie: inaweka flenji pande zote mbili, yaani yale masahani ya chuma yenye matundu, inaweka gasketi katikati ili mvuke usivuje, inaweka bolti na nati, inapima urefu wa kila bolti, na mwisho inakutolea orodha ya kupeleka dukani. Raha mustarehe. Lakini inafanya hivyo ikiwa wewe umeipanga vizuri tangu mwanzo, ukaieleza kila aina ya vali hufungwa vipi. Ukiidanganya hapo, itaudanganya ulimwengu wote kwa niaba yako bila hata kukohoa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kiwanda cha maziwa cha ushirika wa wafugaji, nje kidogo ya Bahati. Walikuwa wanajenga kiwanda kipya chenye mtambo mpya wa kuchemshia maziwa, na sisi tulipewa mabomba ya mvuke. Bosi wangu, Injinia Barasa, alinipa mimi kuchora, na nilifurahi kupita kiasi kwa sababu moja: baba yangu ni mwanachama wa ule ushirika. Yeye ni mfugaji Subukia, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha maziwa pale kwenye mtaa wetu wa mlimani. Majirani wote walikuwa wamezoea kumuuzia broka, yule anayekuja na pikapu na kuchukua maziwa langoni, kwa bei ya kukera lakini kila siku bila kukosa. Baba ndiye aliyewazungukia boma kwa boma akiwaambia wamwache broka, waje kwenye ushirika, kiwanda kipya kinakuja. Na walipositasita aliwaambia maneno ambayo mama alinisimulia kwa simu huku akicheka kwa raha:

"Hiyo kiwanda imechorwa na msichana wangu. Sasa nyinyi mnaogopa nini?"

Hapo ndipo mzigo ulipopandishwa mgongoni kwangu, na mimi, mjinga mimi, nikauona kama shada la maua.

Sasa twende kwenye dhambi yenyewe. Kwenye lile bomba la mvuke kulikuwa na vali za kuzuia mvuke usirudi nyuma. Hizi ni vali nyembamba, hazina flenji zake zenyewe. Zinabanwa katikati ya flenji mbili za bomba kama nyama katikati ya chapati mbili, halafu bolti ndefu zinapita kutoka flenji hii, kando ya vali, mpaka flenji ile. Programu yangu ilikuwa haijapangwa kwa vali za namna hiyo. Kila nilipoiweka moja, ilichora alama nyekundu pale kwenye kiungio, kusema haijui ifunge na nini. Dawa yake ilikuwa kukaa chini, kufungua mipangilio, na kuandika kanuni mpya: gasketi mbili, bolti seti moja, na kwenye urefu wa bolti ongeza unene wa vali. Si kazi ya ajabu. Ni kazi ya kuchosha tu, yenye visanduku vingi na majina madogo madogo, na ukikosea kimoja unaanza upya.

Nilikuwa nimeanza, haki ya Mungu nilikuwa nimeanza, wakati Injinia Barasa aliponijia nyuma na kikombe cha chai akaangalia skrini.

"Hizi nyekundu ni nini?"

"Ni warning tu, boss. Viungio havijakaa sawa, nazirekebisha."

"Mwenyekiti wa ushirika anakuja saa hii na kamati yake kuona drawing kwa TV. Unataka waone kiwanda yao iko na ugonjwa? Toa hizo vitu."

Ningeweza kumwambia wasubiri. Ningeweza kuwaonyesha wageni upande mwingine wa kiwanda, wale wazee wangejuaje? Lakini niliona mkato. Niliingia kwenye katalogi ya vali, nikapata pale inaposema vali hii ina mwisho wa aina gani, nikabadilisha isomeke kwamba ina flenji zake zenyewe, kama vali kubwa za kawaida. Nikabonyeza. Alama zote nyekundu zikatoweka kwa pamoja, na programu ikajaza bolti na gasketi kila mahali, safi kabisa. Nikajiambia nitarudisha baadaye. (Hilo neno "baadaye" mngelifukuza kwenye lugha mngenisaidia sana.)

Kamati walikuja, wakazungushiwa kiwanda kwenye TV, wakaona mabomba ya buluu na vali za kijani, wakapiga makofi. Mwenyekiti, mtu mnene mwenye sauti ya kanisani, alinishika mkono akasema yeye na baba yangu wametoka mbali. Baada ya hapo nikapewa kazi nyingine, ya maji ya shamba la maua Naivasha, na vali zangu zikabaki na uongo wao. Orodha ikatolewa, ikapelekwa dukani, bolti zikanunuliwa. Kwa programu, vali yenye flenji zake hufungwa kwa bolti fupi upande huu na nyingine fupi upande ule, basi ndivyo ilivyoagiza: fupi tupu, nyingi, mpya, zinang'aa.

Mtauliza kwa nini hakuna aliyegundua mapema. Vali zenyewe zilichelewa. Mafundi walifunga bomba lote, boila ikawashwa ikapimwa, ikabaki kile kipande cha mwisho cha kupeleka mvuke kwenye mtambo. Vali zilifika siku moja kabla ya sherehe ya kufungua kiwanda. Na sherehe haingeweza kuahirishwa, kwa kuwa mwenyekiti alikuwa na uchaguzi mbele yake, hema limeshakodishwa, mchungaji ameshaalikwa, na wafugaji wote wametangaziwa walete maziwa ya siku hiyo waone kwa macho yao yakiingia kwenye mtambo mpya.

Nilivaa gauni langu la kitenge. Naona niseme hilo, kwa sababu nusu ya aibu ilikuwa kwenye hilo gauni. Nilifika asubuhi, jua bado tamu, nikakuta hema jeupe lenye vitambaa vya kijani, spika zinaimba nyimbo za injili, na nyuma ya hema pikapu zimejipanga zimejaa mikebe ya maziwa. Baba alikuwa amevaa koti lake la harusi za watu. Aliniita mbele ya majirani zetu wote waliokuja naye, akanishika bega, nao wakaniangalia. Mama Wambui, jirani yetu wa ng'ombe wawili, alinipa mkono kwa mikono yote miwili, mimi ambaye utotoni alikuwa akinikimbiza nikiiba matunda damu yake.

Kabla sijakaa, Kiprono, fundi mkuu wetu, akanipungia mkono kutoka mlango wa chumba cha boila.

"Madam, kuja uone kitu."

Nikaenda. Alikuwa ameshika bolti moja, ameiingiza kwenye tundu la flenji. Ilitokea upande wa vali ikaishia hapo, hewani, na upande wa pili wa vali ile flenji nyingine inaingoja.

"Hazifiki," akasema. "Hizi watu wa duka wametupatia size gani?"

Nilijua papo hapo. Sikuhitaji kufungua kompyuta wala kuuliza mtu. Niliona ile siku, kikombe cha chai cha Barasa, alama nyekundu zikitoweka. Na mdomo wangu, bila kunishauri, ukasema:

"Hao wa duka wamekosea. Tuma gari wakabadilishe."

Hapo ndipo ilinipasa kusimama. Kama ningekuwa na akili ya kuku ningetoka nje, nikamwambia baba, "Leo hakuna mvuke, rudisheni maziwa kwa broka." Lakini nje kulikuwa na hema na koti na Mama Wambui. Gari likaenda Nakuru. Mimi nikarudi kiti changu cha mbele, nikakaa na mikono kwenye mapaja kama bi harusi.

Lazima mwelewe kitu kimoja kuhusu kile kiwanda: hakuna kilichofanya kazi bila mvuke. Hata tangi la kupozea maziwa lilikuwa jipya, na halipokei hata tone kabla halijaoshwa kwa maji ya moto. Bila mvuke hakuna maji ya moto. Kwa hiyo mikebe ilikaa pale nyuma ya pikapu, wakaifunika na magunia yaliyoloweshwa maji, na jua likaanza kupanda.

Mchungaji akaomba. Mwenyekiti akahutubia. Mgeni wa heshima akachelewa, akaja, akahutubia. Watu wakaanza kugeuka kuangalia bomba la moshi la boila, kisha kuangalia mikebe. Ndipo MC, kijana mmoja wa suti inayometameta, alipoamua kuwachangamsha.

"Na sasa tumwone binti yetu, mwenye alichora hii mitambo yote! Aje atuambie mvuke iko wapi! Mpigieni makofi jameni!"

Nikapewa maikrofoni. Niliona uso wa baba, umeinuka, unangoja. Na nikasema, hii nitaikumbuka mpaka naingia kaburini:

"Hamjambo wazazi wangu. Mvuke unakuja. Vumilieni tu kidogo."

Makofi, vigelegele, mpaka spika ikalia.

Yule broka wa Subukia alikuwa amefuata pikapu za wateja wake wa zamani. (Broka ni broka, hakosi siku ya watu wengine kukwama.) Alikuwa ameegesha langoni na mikebe yake mitupu, na baada ya hotuba yangu nikamsikia akiongea na baba kwa upole kabisa.

"Mzee, kama hamjaanza, mimi nachukua yote saa hii. Bado iko poa."

"Enda, boss, enda," baba akamwambia, na akacheka. "Si umesikia mwenyewe? Msichana amesema inakuja."

Majirani nao wakacheka. Broka akawasha gari akaenda zake. Nilikuwa nimesimama karibu kiasi kwamba ningeweza kunyoosha mkono nikashika mlango wa pikapu yake, na sikunyoosha.

Gari letu likarudi na bolti zilezile. Kiprono, aliyekuwa ameshachoka na mambo, akampigia mtu wa duka simu akaiweka kwa sauti ya juu, pale mlangoni, mwenyekiti na mkaguzi wa boila wakisikia, na nusu ya hema nayo imesogea kusikiliza.

"Sisi hatujakosea chochote," mtu wa duka akasema. "Mlituletea karatasi ya kompyuta, tukawapa vile imesema. Fupi, na mara mbili ya zenye nilidhani mnataka."

Mwenyekiti akauliza, bila maikrofoni lakini kwa ile sauti yake ya kanisani, "Hiyo karatasi nani alitoa?"

Injinia Barasa, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akaangalia viatu vyake. Nikasema ni mimi. Nikajaribu kueleza kuhusu katalogi, na vali nyembamba, na alama nyekundu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kusikika kama mtu anayeongea kwa ndoto. Nikapendekeza tukate vile vyuma virefu vya dukani vyenye nyuzi kama za bolti, tuvitumie badala yake. Mkaguzi akatikisa kichwa. Hakuwa mkali hata kidogo, na hilo liliniuma zaidi.

"Hiyo ni ya kufunga mabati, madam. Hii ni mvuke. Ikikatika inapika mtu. Mimi siwezi weka sahihi hapo."

Bolti ndefu za mvuke hazikuwepo Nakuru. Zilipaswa kutoka Nairobi, na siku hiyo zisingefika.

Karani wa maziwa akaanza kupima. Anachota kidogo kutoka kila mkebe, anachanganya na spiriti kwenye kikombe kidogo, yakiganda amekataa. Mkebe wa kwanza uliganda. Wa pili ukaganda. Baada ya hapo watu hawakungoja wapimiwe, kila mtu alijua maziwa yake kwa harufu. Wakaanza kuyabeba kwenda kwenye mtaro nyuma ya kiwanda. Nilisimama pale na gauni langu la kitenge nikiona maziwa ya mlima mzima yakiteremka kwenye udongo, meupe kwanza, kisha ya rangi ya tope, na mbwa wa sokoni wamekuja, na yule MC, Mungu amsamehe, bado anacheza nyimbo za injili kwa sababu alikuwa amelipwa mpaka jioni.

Mama Wambui alimwaga mkebe wake mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Alipomaliza akaupindua, akaugonga chini, akamgeukia baba.

"Baba Njoki, si ulisema ni msichana wako alichora?"

"Ni yeye," baba akajibu.

Tukarudi Subukia. Nilipanda nyuma ya pikapu na mikebe mitupu, maana mbele sikustahili, na hakuna aliyenikaribisha. Ilikuwa inagongana njia nzima, na majirani waliokaa nayo walikuwa wakiangalia mashamba tu. Walishuka mmoja mmoja, kila mmoja na mkebe wake, hakuna aliyeaga.

Na nyumbani ng'ombe walikuwa wanangoja, kwa sababu ng'ombe hajali uchaguzi wala bolti, jioni ikifika titi limejaa. Baba alivua lile koti akalitundika kwenye msumari wa zizi, akachukua ndoo, akakaa kwenye kigoda, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe. Nilisimama mlangoni. Nilikuwa nimejitayarisha kugombezwa, hata nilikuwa natamani, maana kugombezwa kuna mwisho wake. Akakamua kwa muda, kisha akauliza bila kugeuka:

"Ulijua lini?"

Ningeweza kusema nilijua gari liliporudi. Kila mtu angeamini.

"Asubuhi, Baba. Kabla ya maombi."

Mikono yake ikasimama.

"Asubuhi maziwa ilikuwa bado mzima," akasema.

Kisha akaendelea kukamua, na mimi nikatoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji mpaka mama akaja kunichukua.

Kiwanda kilifunguliwa bolti zilipofika, na kinafanya kazi vizuri mpaka leo, hata mkipita barabara ile mtauona moshi. Ofisini sikufukuzwa. Nilikaa nikaandika ile kanuni niliyoikimbia, visanduku vyote, na iliisha kabla ya chakula cha mchana, jambo ambalo bado linanitia kichefuchefu. Majirani zetu walirudi kwa broka, naye akawapokea kwa bei ya chini kuliko ile ya zamani, kwa kuwa alijua hawana pengine pa kwenda. Baba alijiuzulu uenyekiti wa kikundi kabla hawajamwomba. Ni yeye peke yake sasa, kwenye mtaa wote, anayepeleka maziwa kwa ushirika, na anayabeba mwenyewe mpaka barabarani.

Mimi nimeapa mambo mawili. Alama nyekundu ikitokea kwenye skrini yangu inabaki nyekundu, hata akija waziri, mpaka nijue inasema nini. Na kitu kikiharibika mikononi mwangu, nitasema wakati huohuo, hata kama nimevaa kitenge, hata kama nimepewa maikrofoni. Hili la pili nimelijaribu mara kadhaa, na kila mara ni vigumu, lakini nasema.

Baba haniulizi tena habari za kazi. Nikienda nyumbani ananisalimia vizuri, ananiuliza kama nimekula, kisha anachukua mkebe wake na kuteremka kwenda barabarani, na nikimwambia nimsaidie kuubeba anasema hapana, si mzito.